Bibi Afya wa Nyumba ya Fundi Makochi

Haya ninayoandika hamtayaamini, na siwalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo naamini nusu tu, nusu nyingine naisukumia kwa maji. Ni habari ya mtu mzima, fundi wa kuheshimika, aliyekamatwa na afisa mwenye pengo la meno mawili ya mbele.

Fundi huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Mtaa mzima humwita Fundi Makochi. Naandika juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, yeye yuko hapa nyuma yangu anapiga misumari, anajifanya hana habari na mimi. Kwa kazi nampa haki yake. Mletee kochi lililobonyea kama mgongo wa punda mzee. Atalivua, atakaza springi, atakata sponji kwa kisu kirefu alichokipaka sabuni kiteleze, atalivisha mahameli, na wewe mwenyewe utabisha hodi kabla ya kulikalia.

Sasa, kibanda chake kiko upande wa chini wa shule, na mbele yake unapita mtaro wenye kidaraja cha zege cha kuvukia wateja. Mvua zikishika, maji yalikuwa yakipanda mpaka kwenye miguu ya makochi ya watu. Fundi akakaa akafikiri, na fundi akifikiri peke yake, jirani ajihadhari. Akaona hivi: sponji hunywa maji, na mabaki ya sponji anayo ya kumwaga. Basi mtaro upewe cha kuunywa! Akashindilia mabaki kwenye magunia, sponji na vipande vya vitambaa pamoja, akayasokomeza chini ya kidaraja. Hakumwambia mtu. Mvua iliyofuata sakafu yake ilibaki kavu, akajipigia makofi moyoni. Kwamba maji yale yamerudi nyuma, yamekwenda kuwatembelea watu wa juu, hilo halikumpitia kichwani.

Wakati huohuo, mwalimu wa watoto wadogo pale shuleni alizua jambo. Kila mtoto akawa bwana afya au bibi afya wa nyumba yake, na beji ya boksi kifuani imeshikwa kwa pini. Kazi yao kukagua wazazi: bomba linavuja? Taka zinatupwa wapi? Na kila familia ikapanda mche wake kando ya uzio wa shule, baba, mama na watoto, wote wakashika udongo. Tulicheka mwanzoni. Baadaye tuliwaogopa.

Binti wa fundi, mwenye pengo la meno mawili mbele, ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Siku moja nilikuwa navuta sigara mlangoni kwao.

"Mjomba, hicho kipande unakipeleka wapi?"

"Nakipeleka matembezi, mama."

"Rudi nacho nyumbani kwako. Hapa hakilali."

Nikakitia mfukoni kikiwa bado na moto. Shati ninalo, tundu ninalo.

Mtoto huyo alikuwa na begi la shule aliloshonewa na baba yake kwa mahameli ya zambarau, mabaki ya kochi la bwana harusi mmoja. Hapakuwa na begi jingine kama hilo, na akipita nalo fundi aliacha nyundo amtazame mpaka apinde kona.

Ndipo ikanyesha mvua ya usiku kucha. Asubuhi mtaro umefurika pale shuleni, miche yote imelala kifudifudi kwenye tope. Watoto walilia kama wamefiwa. Wazazi tukakusanyika, kila mtu anatafuta wa kumlaumu, na aliyempata wa kwanza ni shemeji yangu. Akamnyooshea kidole Mama Mboga, mjane anayeuza pembeni ya lango.

"Ni maganda yako wewe mama! Kila siku unamenya hapa, unadhani yanapaa?"

"Baba, maganda yangu yanaliwa na mbuzi wangu. Njoo nyumbani ukaangalie."

"Mbuzi! Mbuzi gani anakula vitunguu?"

Watu wakacheka, na mzaha ukageuka hukumu. Akaambiwa atoe meza yake. Aliibeba kichwani, miguu ya meza ikitazama juu, akaondoka bila kugeuka. Na aliyeshangiliwa siku hiyo ni fundi. Wakampa hata filimbi awe msimamizi wa kuzibua mtaro Jumamosi.

Jumamosi tukatoka, wakubwa kwa watoto, na makoleo, reki na ndoo. Tukaanzia shuleni kushuka chini, fundi mbele anapuliza filimbi kama refa. Tukatoa chupa, mifuko, ndara za mguu mmoja mmoja. Ganda la kitunguu hata la dawa hakuna. Kila tulivyokaribia kibanda, filimbi ikawa inapungua pumzi. Nilimwona akiangalia kidaraja, kisha maji yaliyotuama upande wake wa juu, kisha kidaraja. Hesabu ilikuwa inamwingia polepole, kama mwiba.

"Hapa pasafi," akasema. "Nilipasafisha mwenyewe. Turuke, twende kule chini."

"Baba," akasema Bibi Afya, beji kifuani, begi mgongoni, "mwalimu amesema haturuki nyumba ya mtu."

"Nimesema pasafi, mwanangu."

Lakini mtoto alishaingiza reki. Ikanasa. Wenzake wakamshika kiuno, wakavuta wakiimba. Gunia likatoka limevimba kama chura aliyemeza chura mwenzake, likapasuka, na maji yaliyokuwa yakisubiri nyuma yakapita kwa kishindo yakaturowesha hadi magotini. Sponji zikatapakaa barabarani. Na katikati ya sponji, kipande cha mahameli ya zambarau.

Watoto walikiangalia kile kipande, kisha wakaliangalia begi. Hicho ndicho kilichomuua shemeji yangu: macho hayakumwendea yeye, yalimwendea mtoto. Yule binti akalivua begi taratibu, akalikumbatia tumboni kama anataka kulificha ndani ya mwili wake.

"Ni za kwetu," akasema. "Mimi ndiye bibi afya wa nyumba yetu. Sikukagua kibanda."

Akafungua pini, akamrudishia mwalimu beji.

Fundi filimbi ilikuwa bado mdomoni. Alikuwa anapumua, kwa hiyo ilikuwa inalia kidogokidogo, pii, pii, na hakuweza hata kuitoa. Dada yangu ndiye aliyemtolea.

Tangu siku hiyo mtoto alibeba daftari mkononi. Begi lilining'inia kwenye msumari, na fundi alikula akiwa ameligeuzia mgongo. Mabaki ya sponji sasa wazazi wanakuja na watoto kuyachambua hapa kibandani, wanashona mito ya kukalia darasani, na miche mingine imepandwa. Mwalimu alisema yamekwisha. Mtoto akasema hayajaisha, kwa sababu meza ya Mama Mboga haijarudi langoni, na hilo si la mwalimu.

Basi hapo ndipo mjue shemeji yangu ni mwanamume! Aliondoka asubuhi, akaenda sokoni kwenyewe, akasimama juu ya sanduku mbele ya umati usiopungua watu elfu mbili, akapaza sauti kama simba, "Mama, mimi ndiye mkosaji!" Akapiga magoti, soko zima likalia, hata wachinjaji, machozi yakatiririka mpaka mtaro uka—

"Shemeji, weka kalamu chini. Soko gani? Nilikwenda kwake jioni, nimevaa kofia. Nilizunguka ile nyumba mpaka mbuzi akanizoea. Nikasema mlangoni, kwa sauti ndogo. Akaniambia, 'Sijasikia, baba, sema tena.' Alikuwa amesikia. Nikasema tena, binti yangu akiwa amenishika mkono. Meza niliibeba mimi. Andika hivyo."