Seli Zilizolala

Maabara nzima walimwita Bi Rudia, kwa kuwa hakuona haya kurudia kipimo. Siku hiyo seli za damu ya mwoka mikate mmoja, aliyevimba uso kazini, zilichanganywa na unga ili kuona kama zitaushtukia, zikatulia tuli.

"Mwandikie unga haumdhuru, twende zetu," mwenzake alimhimiza.

"Hata dawa ya kuziamsha, ambayo hushtua seli yoyote iliyo macho, hazikuishtukia. Seli zimelala hizi! Nitamdanganyaje mtu?"

Akamwita mwoka mikate atolewe damu nyingine. Safari hii seli zilishtukia dawa, zikashtukia na ufuta anaonyunyizia mikate, lakini unga zikaupuuza.

"Dada, achana na ufuta. Unga hauna kosa," Bi Rudia alimwambia.

Mwoka mikate, aliyekwisha kuliaga tanuri lake la miaka ishirini, alishusha pumzi. "Basi mume wangu atazidi kulalamika kwamba nanuka mkate!"

Bi Rudia akatia sahihi kwenye majibu bila kusita.