Kamusi Tuliyoigawa Kama Mfongo

Kwetu Kibosho, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya mama. Wakubwa wanatafuta kwao. Yeye anabaki, anakata majani ya ng'ombe, na siku ikifika anamzika mama yake pale migombani. Wangu alikuwa amesomea kompyuta Moshi mjini. Kahawa ilikuwa imeshaanguka bei, watu wanang'oa wanapanda nyanya, kwa hiyo nilijua kabisa: asipopata kazi ya karibu, ataondoka.

Kazi ikatokea. Sista mmoja wa hospitali alikuwa na madaktari wageni wasioelewana na wazee wetu, wale ambao Kiswahili chenyewe hakijawakaa mdomoni. Akamwambia, nitengenezee programu: daktari aandike neno la Kiingereza, kompyuta impe la Kichagga. Ikifaa, nakuajiri.

Mwanangu akaja na sidii inayong'aa, ndani yake kamusi nzima ya Kiingereza. Akanieleza jikoni, mimi mtu wa darasa la pili, nikaelewa.

"Mama, Kiingereza kimeshapangwa. Kila neno lina visanduku vyake: hiki cha neno, hiki cha aina yake, hiki cha maana. Mimi naongeza kimoja tu, cha Kichagga."

"Maneno mangapi?"

"Usiniulize, mama."

Baba yake mdogo, msimamizi wa mfongo wetu, yaani mfereji unaotuletea maji kutoka msituni, alikuwa amekaa palepale. Akamcheka. "Kwani mfongo huwa unausafisha peke yako? Gawa, bwana! Kila nyumba na kipande chake."

Akagawa. Herufi za mwanzo zilikwenda kwa shangazi yake aliyeolewa Rombo, za katikati kwa wakwe zetu Machame, za mwisho tukabaki nazo sisi. Majina ya wote walioandika ninayo kichwani mpaka leo, na aliyechelewa ninamjua, siyaweki hapa. Nikapika mbege, pombe yetu ya ndizi, kama ya siku ya kusafisha mfongo. Wakaleta karatasi, wakanywa, wakaimba. Mwanangu akaingiza maneno yote, na mashine ikajibu kila neno aliloiuliza.

Mtu wa Rombo na mtu wa Machame wote ni Wachagga, lakini wakikutana sokoni wanaongea Kiswahili ili waelewane. Nani asiyejua? Ila kwenye mfongo haijalishi nani kasafisha wapi, maji yanapita, na sisi tulikuwa tunafikiria mfongo.

Siku ya kujaribu nilikwenda naye wodini. Daktari kijana akamsomea bibi mmoja wa kwetu maneno aliyopewa na kompyuta. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Huyu mzungu kaoa wangapi? Kaanza Rombo, kapita Machame, sasa ndiyo anafika nyumbani!"

Wodi nzima ikacheka. Bibi akashika tumbo lake tena, na daktari bado hakujua linamuuma upande gani.

Sista hakumfukuza. Alimwambia arekebishe, atamsubiri mpaka Pasaka. Lakini kurekebisha ni kila neno la Rombo na la Machame liandikwe upya na watu wa kwetu. Mwanangu akazunguka nyumba za ukoo, mimi nyuma yake na kibuyu cha mbege. Kila mlango jibu lile lile. Baba yake mdogo ndiye aliyelisema wazi: "Kipande changu nilishasafisha. Hicho kingine ni cha wenyewe."

Tukabaki wawili. Yeye anasoma Kiingereza, ananieleza kwa Kiswahili, mimi namwambia Kichagga chetu. Kwaresma yote. Pasaka ilipofika hatukuwa tumemaliza hata herufi ya pili, na sista alikuwa ameshapata muuguzi wa Kibosho wa kutafsiri.

"Tuendelee tu, mama," alisema.

"Kwa ajili ya nani?"

Wiki iliyofuata alipanda basi la Dar es Salaam. Mwezi huo huo niliuza ng'ombe, maana hakukuwa na mtu wa kumkatia majani.