Kimrija na Hina ya Mkono Mmoja

Kazi yangu ni kupaka hina, na kazi hiyo yataka mtu anayeweza kukaa kitako. Mwaka ule sikuweza. Madaktari wa Mombasa walikuwa wameniwekea kimrija laini kutoka figo hadi kibofu, mkojo upate njia huku jiwe la figo likisubiri kuvunjwa.

Nesi hakunificha kitu. "Utakwenda choo kila mara, Bi, na mkojo huenda ukawa mwekundu kidogo. Kunywa maji kwa wingi. Lakini ukiona homa na kutetemeka, usingoje."

Basi nikavuka kwa boti hadi Siyu kumpaka bibi harusi. Nikamaliza kidole gumba, nikatoka. Nikamaliza kiganja, nikatoka tena. Kila nikikojoa, ubavu ulinikata kama mtu anavuta uzi ndani.

Shangazi yake bibi harusi akaniuliza, "Bi, umeya kutupaka hina au kukagua choo chetu?"

Chumba kizima kikacheka, nami pia, nikajuta, maana kicheko nacho kilinikimbiza chooni.

Mkono wa kulia ulipokwisha, meno yangu yakaanza kugongana. Nje jua linawaka, mimi nataka blanketi. Nikashikwa na hofu.

"Mwanangu," nikamwambia bibi harusi, "hii ndiyo homa niliyoonywa."

Akasimama, mkono wenye hina mbichi kauinua juu. "Mtafutieni boti sasa hivi! Mkono wa pili atamaliza shangazi."

Kwenye hospitali ya Lamu walipima mkojo, wakakuta maambukizi, wakanitundikia dripu ya dawa. Nikiwa kitandani nikatumiwa picha ya mkono wa kushoto. Maua ya shangazi yalifanana na kaa waliokanyagwa. Nilicheka hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akataka kuiona.

Homa iliposhuka nikarudi Mombasa. Picha ya eksirei ikaonyesha kimrija kimeganda chokaa, kama birika linalochemshiwa maji ya kisima. Daktari alinilaza usingizi, akavunja chokaa pamoja na jiwe, akaweka kimrija kipya cha muda mfupi. Hicho alikuja kukitoa kwa kamera nyembamba iliyopitishwa njia ya mkojo, nikiwa macho. Nilipiga ukelele mmoja, kabla sijaongeza wa pili akasema, "Tayari, Bi."

Nilirudi nyumbani Wiyoni, Lamu, nikalala mpaka adhana ya alfajiri bila kuinuka hata mara moja.