Siku Niliyotoa Ushuhuda Magwagwa

Mzee wa kanisa letu la Magwagwa aliponiita mbele Sabato ile, nilishika mimbari kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemaliza mwaka bila kuonja pombe ya chang'aa, na alitaka niwaeleze wanaokunywa kwamba kuacha kunawezekana. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu, nami niliogopa kulitaja.

Miaka mitatu kabla ya hapo, kibanda cha mama yangu cha kupikia kiliungua. Mama alimlaumu mke wangu kwamba aliacha kuni zikiwaka akaenda kuchuma chai. Kumbe ni mimi niliyeingia humo nimelewa, nikawasha sigara, nikasinzia. Moshi uliponiamsha nilitambaa nje, nikanyamaza.

Sasa wote wawili walikuwa wameketi mbele yangu. Nilisema yote. Mke wangu akainuka, akatoka. Nilimfuata mbio, nikihofia kwamba anarudi kwao.

"Miaka mitatu mama yako ananiita mzembe," akaniambia langoni, "na wewe unanitazama tu."

Mama naye akatoka polepole, akamshika mke wangu mkono. "Mwanangu, nilikukosea," akamwambia. Mimi hakunitazama.

Waliondoka pamoja, wakaniacha langoni. Nilikuwa bado nimesimama pale jirani mmoja anayenuka pombe aliponisogelea.

"Ndugu yangu," akaninong'oneza, "ile siku ya kwanza bila pombe ulifanyaje?"

Nikaanza kumweleza, huku nikiitazama njia waliyopita.