Tochi ya Zambarau na Aproni ya Bi Mwanahawa

Nimeumbuka mara nyingi maishani, lakini kuumbuka kwa kujitakia, mchana kweupe, nimevaa koti jeupe na nimesimama kama waziri anayezindua kisima, hiyo ni mara moja tu, na Kariakoo hawajanisahaulisha mpaka leo. Wapo wanaoniita Tochi. Wapo wanaoniuliza kwa upole wa kinafiki kama leo nimekuja kumpima nani. Siwalaumu, maana ningekuwa mimi ningewacheka zaidi.

Nasomea shahada ya pili, na siku zangu nyingi zinaishia kwenye chumba cha giza huko Upanga, nimeinamia hadubini, natazama bakteria. Bakteria ukiwatazama hivihivi ni kama vumbi kwenye maji, hawana cha kukuambia, kwa hiyo tunawatia rangi mbili zinazong'aa zikipigwa na mwanga maalumu. Ya kijani inapenya kila mmoja wao. Nyekundu inaingia tu kwa yule ambaye utando wake umechanika, ile ngozi nyembamba inayomzunguka, na utando ukishachanika huyo ni marehemu. Basi unawasha mwanga unaona wazima kijani, wafu wekundu, kama taa za barabarani lakini ndogo mno. Ni kazi nzuri na naipenda. Shida ni kwamba haichukui dakika moja kuieleza, na mimi siku hiyo nilitaka dakika moja.

Tunayo pia tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ya kukagulia kama rangi imemwagika mezani. Hiyo tochi haioni bakteria. Narudia, haioni bakteria kabisa, na nilikuwa nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Ijumaa hiyo nilitoka maabara nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu kwenda kumsalimia Mjomba Elinami, kaka yake mama, anayeuza vyombo vya jumla Kariakoo: masufuria, chupa za chai, sahani za plastiki zilizopangwa mpaka darini. Mjomba ni mtu mwema ila anajigamba kuliko tangazo la redio, na mtaa mzima umeshachoshwa na habari za mpwa wake mwanasayansi. Mimi badala ya kumwonea aibu nilikuwa nampa mafuta ya kuwashia. Nilikuwa nimebeba tochi mfukoni na koti la maabara, safi, limetoka kufuliwa, kwenye begi (sheria yetu inasema koti lisitoke maabara, lakini sheria ni za watu wasio na mbwembwe).

Nikamwonyesha Mjomba tochi. Akaizungusha, akamulika nyuma ya kaunta, chembechembe zikawaka buluu juu ya sahani, akauliza ni nini zile. Zilikuwa nyuzi za pamba na vipande vya karatasi. Wateja wawili watatu walikuwa wamesimama wanasikiliza, Mjomba ananitazama kwa macho ya kusubiri sifa, na kueleza nyuzi za pamba kungeua shughuli yote.

"Kinachong'aa ndiyo vijidudu," nikasema.

Basi. Maneno matatu. Ningeyameza pale ningekuwa mtu anayeheshimika mpaka leo.

Mjomba hakusubiri. Mnapaswa kujua kwamba wiki hiyo jengo lao lilikuwa na mzozo. Mwenye jengo, Bwana Kirit, Mhindi aliyezaliwa palepale na anayeongea Kiswahili cha mtaani kunizidi, alikuwa na chumba cha chini kisicho na mpangaji, na mama lishe wawili walikitaka. Mmoja ni Bi Mwanahawa, anayepika chini ya turubai mbele ya jengo tangu mimi nasoma shule ya msingi, na ambaye alishaambiwa na wenye mamlaka kwamba barabarani aondoke, kwa hiyo chumba kile ndiyo ilikuwa pona yake. Mwingine ni Mama Glory, shemeji yake Mjomba, aliyeanza kupika juzijuzi na ambaye wali wake, niseme ukweli, ulikuwa unanata kama gundi. Bwana Kirit alikuwa amesema atampa aliye msafi zaidi. Mjomba akaona Mungu amemletea jibu likiwa na mikono miwili na tochi.

Akaniambia nivae koti. Nikavaa. Hapo hakuna aliyenishika shingo, nililivaa mwenyewe na nikalifunga vifungo vyote.

Tukaingia korido ya jengo, ambayo hata saa sita mchana ni giza kama ndani ya mtungi, Mjomba akawaita mama lishe wote wawili, akamwita na Bwana Kirit, na huku nyuma wateja wao wakaingia na sahani za chakula mkononi kuangalia. Mjomba akanitambulisha kwa vyeo ambavyo sina. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuigiza, kile kichwa ambacho ndani yake hakukuwa na kitu.

Nikaanza na Mama Glory. Alikuwa amejifunga kitenge cheusi kilicholowa mafuta, na ubao wake wa kukatia ulikuwa umekolea weusi wa mwaka mzima. Nikamulika. Kimya, giza, hakikuwaka hata kidogo. Watu wakaguna kwa mshangao, Mjomba akasema mnaona, mnaona.

Kisha Bi Mwanahawa. Alikuwa amevaa aproni nyeupe na kilemba cheupe, vyote vimefuliwa vikafulika, na mikono yake ilikuwa na manjano kwa sababu alikuwa ametoka kuunga mchuzi. Nikamulika. Mama yangu, aproni iliwaka kama taa ya stendi, kilemba kikawaka, na vidole vyake vikatoa rangi ya kijani cha njano mpaka kwenye kucha. Mimi nilijua papo hapo kilichokuwa kinawaka. Sabuni za unga zinawekwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na dawa hiyo ndiyo inayowaka kwenye mwanga ule, na manjano nayo huwaka yenyewe. Yaani yule mama alikuwa anawaka kwa sababu ya kufua. Nilipaswa kusema hapohapo. Lakini watu walishaanza kurudi nyuma, mmoja ameweka sahani yake chini bila kumaliza, mwingine anajifuta mdomo kwa kiganja, Mjomba anatabasamu, na mimi nikafanya kitu cha kijinga kuliko vyote: nikatikisa kichwa polepole, kama daktari mwenye habari mbaya.

Bi Mwanahawa aliinua mikono yake akaitazama, upande huu na upande huu, kama vile si yake.

Sasa nimesema ilikuwa Ijumaa. Swala ilikuwa imeisha, na ile korido ni njia ya mkato ya watu wanaotoka msikitini kwenda mtaa wa pili. Wakaingia kwa mkupuo, wanaume watu wazima, kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, kofia nyeupe, na mimi nimeshika tochi imewaka naielekeza mlangoni kama mtu aliyepigwa na butwaa. Korido yote ikawaka. Kanzu zote. Kofia zote. Ndevu za mzee mmoja zilikuwa zinang'aa kuliko tangazo la dukani. Wale waliokuwa wanamkimbia Bi Mwanahawa wakajikuta hawana pa kukimbilia, wamezingirwa na bakteria waliotoka kuswali.

Yule mzee wa ndevu akauliza kuna nini. Mtu mmoja, mwenye roho ya ubaya, akamweleza kwamba dada mwanasayansi anapima vijidudu na kinachong'aa ndiyo vijidudu vyenyewe. Mzee akajitazama kanzu. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya panya, akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu, "Binti yangu, mimi nimetoka kuoga, nikatia udhu, nikavaa nguo iliyofuliwa jana. Sasa hao vijidudu wamenipandia wapi?"

Nikaishiwa pozi kabisa. Nikatafuta uso wa Mjomba nikamkuta anaongea na simu ambayo haikuwa imelia.

Ndipo Bwana Kirit akaninyooshea mkono akaomba tochi. Nikampa, ningefanya nini. Hakuwa amekasirika, alikuwa na ule utulivu wa mtu anayetaka kujua tu. Akanigeuzia mimi. Koti langu, lililotoka kufuliwa, liliwaka kuwashinda Bi Mwanahawa na msikiti mzima kwa pamoja, na juu ya mfuko kukawa na alama za vidole vyangu za kijani kibichi, rangi ya maabara ambayo hakuna sabuni iliyoitoa. Nilikuwa nimesimama katikati ya korido nawaka kama bango la hoteli.

"Dada," akasema Bwana Kirit, "kwa kipimo chako wewe ndiyo jalala."

Kicheko kilichofuata kilisikika, nadhani, mpaka kivuko cha Magogoni, na wenye kungoja pantoni wakageuka kuangalia. Nikasubiri kipungue, nikaona hakipungui, nikapiga kelele juu yake kwamba ni sabuni, ni dawa ya kung'arisha nguo, na ile ya mikononi ni manjano, na tochi haioni bakteria. Nikaanza na kueleza utando na rangi mbili, kila kitu ambacho nilipaswa kueleza mwanzo, mtu mmoja mbele ya watu wanaojifuta machozi ya kucheka. Wazee wa kanzu wakaendelea na safari yao. Mama Glory akajitia kuvunja kuni zisizokuwepo.

Bi Mwanahawa peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya mchuzi.

"Kwa hiyo wakati unanimulika ulijua ni sabuni?"

Nikamwambia nilijua.

"Na bado ukatikisa kichwa."

Ningependa kuwaambia nilimwomba radhi kwa maneno mazuri. Nilimwomba, ndiyo, lakini yalitoka yamekatikakatika, akanikatiza. Akasema radhi ya koridoni haimsaidii, waliotoka na sahani hawajaisikia. Akanitaka nitoke nje nipite kila mezani, nivae koti lilelile, niseme kwa sauti ileile niliyosemea uongo. Nikapita. Wauza mikoba, wauza saa, wabeba mizigo, wote nikawasimamisha nikasema aproni ya Bi Mwanahawa inawaka kwa sababu ni safi. Wengine waliniambia sawa. Wengine waliniomba niwamulike meno.

Nikadhani nitasafisha makosa kwa kazi yenyewe. Nikaomba ruhusa kwa wote wawili, nikafuta mbao zao za kukatia kwa pamba za maabara, nikazipeleka Upanga, na mwisho wa juma wote nikakaa gizani na rangi zangu mbili. Ubao wa Mama Glory ulikuwa kijani tupu, wazima wanasongamana kama Kariakoo ya mkesha wa sikukuu. Wa Bi Mwanahawa ulikuwa na wachache, na wengi wao wekundu, utando umechanika, kwa sababu yule mama huumwagia ubao maji yanayochemka kila anapomaliza. Nilifurahi mpaka nikapiga picha. Nikasema Jumatatu nitasimama mbele ya Bwana Kirit nitoe ushahidi wa kweli, mtu wa sayansi kwelikweli.

Jumatatu nilikuta chumba kimefunguliwa na vijana wanapachika rafu za makava ya simu. Bwana Kirit akaniambia amechoka na mambo ya mama lishe, kila mtu anamletea maneno, mara bakteria, mara sabuni, mara Mjomba wako, akaona ampe mtu wa makava, kava halina vijidudu. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaziangalia kwa adabu, akasema ni nzuri, zinafanana na mapambo ya Diwali, akanirudishia simu.

Mjomba hajawahi kunitambulisha kwa mtu tena. Mimi nami, mtu akiniuliza kile chombo kinaonyesha nini, namkalisha chini namweleza yote, sabuni na manjano na utando, hata akipiga miayo, hata akisema anawahi pantoni, na sitaki tena maishani kusikia mtu ananiambia nifupishe.

Turubai la Bi Mwanahawa liliondolewa pamoja na ya wengine wote. Sasa anapika uani kwa binamu yake, mitaa kadhaa kutoka pale, na wateja wake wengi wamemfuata. Mimi naenda kula hapo kila nikiweza. Hanifukuzi. Wengine anawapakulia mara moja, lakini zamu yangu ikifika huchukua sahani safi kabisa, akaiosha upya mbele yangu, polepole, akaigeuza juani upande wa mbele na upande wa nyuma, akanisogezea usoni ikiwa inadondosha maji.

"Kagua kwanza," ananiambia, na uani wote unanyamaza kusubiri nikague.