Maombi ya Kuanguka Vizuri

Orpa, jirani yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ukimtazama usingesema ni mgonjwa. Alilima, aliuza maharage sokoni, aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Ila alikuwa anaanguka. Anaongea na wewe vizuri, mara puu, chini! Punde anaamka na kuuliza kwa nini watu wamemzunguka.

Wengine walisema kifafa, wengine mapepo yaliyotufuata kutoka Kongo. Zahanati walimpima wasione kitu. Siku alipoanguka karibu na jiko akiwa amembeba Umwiza, binti yake mchanga, mama mkwe wake, Madeleine, alimchukua mtoto. Tangu hapo Orpa alinyonyesha ameketi mkekani, mkwe amemkodolea macho, kisha mtoto anaondolewa. Hilo lilimuuma kuliko kuanguka kwenyewe.

Mwishowe alipelekwa hospitali ya Mbarara. Huko Kizito, daktari wa moyo, alimchana kidogo kifuani akamwekea chini ya ngozi kidude kisichozidi kifuniko cha kalamu.

"Hii inaandika moyo yako kila saa," alimwambia. "Ukianguka, inatuonyesha moyo ilifanya nini. Usipoanguka, haina kitu ya kusema."

Sasa, sisi wa kikundi cha maombi tulikuwa tumefunga na kukesha tukimwombea asianguke, na kweli, hakuanguka. Miezi ikapita. Tulijisifu sana. Orpa akatujia amekasirika.

"Pasta, muache kwanza kuniombea nisianguke."

Mchungaji Gervais alishangaa. "Sasa tuombe nini? Uanguke?"

"Ndiyo. Muombe nianguke muzuri, fasi kuko batu." Yaani mahali penye watu wa kumdaka.

Tuliomba kwa aibu, kila mtu akiogopa kusikika na mwenzake. Lakini tuliomba.

Jumapili moja, katikati ya matangazo, Orpa akaanguka, kichwa kikatua mapajani mwangu. Kanisa zima lilisimama kumshukuru Mungu. Mimi nilipiga vigelegele! Mgeni angetuona, angetukimbia.

Kidude kilikuwa kimeona kila kitu. Moyo wake ulikuwa unasimama, unanyamaza kidogo, halafu unaanza tena. Namshukuru Mungu, namshukuru na Kizito, na sidhani Mungu atanuna. Orpa aliwekewa mashine nyingine ya kuukumbusha moyo kupiga, akaambiwa asibebe chochote mpaka kidonda kipone.

Kilipona. Asubuhi moja Madeleine, ambaye hajamwomba mtu msamaha tangu azaliwe, alitoka nje na mtoto, mkono mmoja kiunoni.

"Mugongo iko inaniuma. Beba mutoto yako."

Mwongo! Nilikuwa nimemwona muda si mrefu akibeba gunia la mahindi. Orpa alimfunga Umwiza mgongoni, akapita mlangoni kwangu, akarudi, akapita tena. Hakuwa ametumwa popote. Nilimwita aje anywe chai. Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, akaendelea kutembea.