Mabuu ya Dada Yangu

Dada yangu alipoacha cherehani na kuanza kufuga mabuu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumcheka. Tunaishi mtaa wa Kamwokya, katika nyumba aliyotuachia baba, na ua tunautumia pamoja na wapangaji. Kila asubuhi alikwenda sokoni Kalerwe, akarudi na magunia ya maganda ya matoke na kabichi zilizooza, akayalisha mabuu ndani ya mabeseni. Yakishanenepa aliyakausha juani, yawe chakula cha kuku.

Mvua zilipoanza, uvundo ukatushinda. Wapangaji wakamwita mwenyekiti wa mtaa.

"Hajati," mwenyekiti akamwambia dada, "watu wanasema unawafugia funza mlangoni."

Nilitamani ardhi inimeze. Dada akamjibu kwa heshima, "Ni kweli, ssebo. Na harufu ipo, hawajasema uongo. Nipeni wiki mbili. Nikishindwa, namwaga yote."

Alizunguka mabeseni yale siku nzima, akinusa moja moja kama anayechagua samaki. Mwishowe akagundua kwamba kinachonuka ni maji yanayotoka kwenye maganda. Akatoboa mabeseni chini, akaezeka mabati juu, akaomba unga wa mbao kwa maseremala akauchanganya humo. Wiki mbili hazijaisha, ua ukawa unanukia udongo tu.

Kisha mabuu ya mabeseni matatu yakafa kwa mpigo. Alikaa chini akayatazama, hakula mchana ule. Kesho yake nilimfuata Kalerwe, nikamwona akiuliza kibanda kwa kibanda, mpaka muuzaji mmoja akakiri kwamba kabichi zake zilipuliziwa dawa siku chache kabla ya kuvunwa. Nilisubiri ugomvi. Dada alimshukuru, akageukia wanawake wa matoke, akawaomba wamwekee maganda peke yake, yasichanganywe na kitu.

"Na sisi tunapata nini, nyabo?" mmoja akamuuliza kwa adabu.

"Takataka zinaondoka mbele yenu kila siku. Na yanayobaki baada ya mabuu kula ni mbolea. Nitawaletea mpande mboga."

Wakakubali, ingawa mpaka leo wapo wanaosahau na kutia mifuko ya plastiki.

Mfugaji wa kuku wa Naguru, tuliyempelekea mabuu makavu, hakutaka hata kuyashika. Dada hakumbembeleza. Alirusha gao moja la mabuu bandani, kuku wakapandana. Yule bwana akacheka, akataka magunia kumi kila wiki.

Mimi ningeitikia palepale. Dada akasema, "Kumi siwezi. Mvua ikinyesha mfululizo, hata mawili ni shida, sina mashine ya kukaushia. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Basi lete hayo mawili," bwana akasema.

Tulipokuwa tunateremka kilima cha Naguru nilimuuliza kwa nini hakuogopa kumpoteza mteja wake wa kwanza. Alisema aliogopa sana. Akanishika mkono, tukaendelea kushuka.